Mwaka 1915 na ghala la vita

Lawrence Bragg alikuwa chooni. Naanza hapo kwa sababu habari yenyewe ilianzia hapo, si kwa kutafuta kuchekesha. Alikuwa ofisa kijana wa jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Ubelgiji, karibu na mstari wa mbele, na choo cha nyumba aliyopangiwa kulala kilikuwa chumba kidogo ambacho mlango ukishafungwa hakikuwa na upenyo wa nje isipokuwa lile tundu la chini ya kiti. Kila mzinga mkubwa wa Waingereza ulipolia jirani, Bragg alijisikia ananyanyuliwa kidogo kutoka pale alipokaa. Mlio wenyewe haukuwa mkali masikioni. Lakini kulikuwa na kitu kinachosukuma hewa kwa nguvu ya kumtikisa mtu mzima.

Mwingine angelalamika kwa mwenye nyumba. Bragg alikuwa mwanafizikia wa miaka 25, na kwa miezi alikuwa akihangaika na swali moja. Kazi aliyopewa ilikuwa kuitafuta mizinga ya Wajerumani iliyofichwa isikoonekana, kwa kusikiliza tu. Unapanga maikrofoni sita kwa umbali unaoujua, mzinga unalia, sauti inaifikia kila maikrofoni kwa wakati wake, na kutokana na tofauti za nyakati hizo unapiga hesabu ya mahali mzinga ulipo. Kwenye karatasi ni zoezi la mwanafunzi. Uwanjani likagoma. Kombora linalokwenda kasi kuliko sauti hutoa kishindo chake lenyewe hewani, kikali kama mjeledi, nacho hutangulia kufika. Maikrofoni za wakati ule zilikisikia kishindo hicho vizuri sana na mlio wa mzinga zikausikia vibaya, kwa kuwa mlio wa mzinga ni mzito na wa chini mno. Ni msukumo wa hewa zaidi kuliko sauti. Ndio ule uliokuwa ukimnyanyua chooni.

Kiungo kilichobaki kilitoka kwa koplo mmoja, William Tucker, naye mwanafizikia aliyevaa magwanda. Tucker alilala kwenye kibanda kilichokuwa na matundu ukutani karibu na kitanda chake, na akagundua kwamba kila mzinga ulipolia, hewa baridi ilimpuliza usoni. Wakachukua waya mwembamba wa platinamu, wakaupasha moto kwa umeme, wakautandaza juu ya tundu la sanduku. Msukumo wa hewa ukipita, waya unapoa, ukinzani wake wa umeme unabadilika, na alama inajichora. Kile kishindo kikali cha kombora waya haukujali. Hiyo ilikuwa 1916. Mwaka 1917 na 1918 majeshi ya Uingereza yalikuwa yakijua mizinga mingi ya adui iko wapi kabla hayajafyatua kombora la kwanza.

Nimemsimulia rafiki yangu mmoja habari hii mara kadhaa, na kila mara anaigeuza kuwa silaha dhidi yangu. Tuna ubishi wa miaka. Yeye anashikilia kwamba vita, pamoja na ubaya wake wote, ndiyo mwalimu mkali wa sayansi: bila vita tusingekuwa na hiki wala kile, na orodha yake ni ndefu. Mimi nasema vita si mwalimu, ni mtu aliyekuta ghala la wenzake lina akiba, akavunja mlango. Akiba haiozi, wanasema wahenga, ila hawakusema hailiwi.

Mimi nina daftari ambamo kila mwaka una ukurasa wake. Nikikutana na tarehe ninayoipenda, naiandika mahali pake. Kurasa nyingi zina mistari miwili mitatu. Ukurasa wa 1915 umejaa hadi pembezoni, na maandishi mengine yamepinda kufuata ukingo. Kwa hiyo nilimwambia: tuache maneno ya jumla, tuchukue mwaka mmoja tu tuufungue, tuone nani alitia na nani alitoa.

Vita vilipoanza Agosti 1914, Ujerumani ilikuwa na pengo ambalo majenerali wake hawakulitilia maanani. Vilipuzi vya wakati ule vilihitaji nitrati, na nitrati zilitoka kwenye jangwa la Chile, ng'ambo ya bahari iliyokuwa mikononi mwa manowari za Uingereza. Meli zikazuiwa. Kwa hesabu ya kawaida, mizinga ya Wajerumani ingenyamaza mapema. Haikunyamaza, kwa sababu tarehe 2 Julai 1909, miaka mitano kabla ya risasi ya kwanza, mwanakemia Fritz Haber aliwaonyesha watu wa kampuni ya BASF mtambo mdogo wa mezani uliodondosha amonia tone baada ya tone. Alikuwa ameikamata nitrojeni ya hewani, gesi mvivu isiyotaka kuungana na kitu, akailazimisha iungane na hidrojeni kwa shinikizo kubwa na joto kali mbele ya kichocheo. Carl Bosch akaukuza mtambo ule hadi ukawa kiwanda, na kiwanda cha Oppau kikaanza kazi Septemba 1913. Walichokitaka ni mbolea. Ila amonia huweza kugeuzwa asidi ya nitriki, na kutoka asidi ya nitriki hadi kilipuzi si safari ndefu.

Ugunduzi huo ni wa wakati wa amani, mwanzo hadi mwisho. Mpaka leo, kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, karibu nusu ya watu duniani wanakula chakula kilichooteshwa kwa nitrojeni iliyopita kwenye mitambo ya aina hiyo. Vita viliukuta mlangoni tu.

Na Haber mwenyewe? Hakuburutwa. Alijitolea. Ndiye aliyesukuma wazo la kufungulia gesi ya klorini iende na upepo hadi kwenye mahandaki ya adui. Klorini nayo haikuwa ngeni: Carl Wilhelm Scheele aliitoa maabarani mwaka 1774, na viwanda vya rangi vya Ujerumani vilikuwa nayo tele. Kazi ya Haber ilikuwa kuitia kwenye mitungi, kufukia mitungi ile karibu 6,000 kwenye mstari wa mbele karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, na kusubiri. Walisubiri wiki kadhaa. Jenerali anaweza kuamrisha kikosi, hawezi kuamrisha upepo. Jioni ya tarehe 22 Aprili 1915 upepo ukakaa sawa, wakafungua koki. Tani zaidi ya 150 za klorini zikatoka kama ukungu wa kijani na manjano, zikatambaa chini, maana klorini ni nzito kuliko hewa na hutafuta mashimo. Waliokuwa mbele yake ni askari wa Ufaransa, wengi wao wakiwa wametoka Algeria. Mstari ukafunguka kilomita kadhaa. Wajerumani wenyewe hawakuwa wamejipanga kuutumia mwanya huo. Makamanda walikuwa wamechukulia jambo lile kama jaribio, na akiba ya askari nyuma yake haikutosha.

Mkataba wa Hague wa mwaka 1899 ulikataza makombora ambayo kazi yake pekee ni kusambaza gesi ya kukaba pumzi. Mtungi si kombora. Ndivyo wanasheria walivyosema, na kila nikisoma sentensi hiyo naifunga daftari kidogo.

Katika kikosi cha Haber walikuwemo vijana ambao majina yao utayakuta kwenye vitabu vya fizikia na kemia: James Franck, Gustav Hertz, Otto Hahn. Wote watatu baadaye walipata Tuzo ya Nobel. Hahn alisimulia uzeeni kwamba alimuuliza Haber kama jambo hili si kinyume cha mkataba, na Haber akamjibu kwamba Wafaransa ndio walioanza, na kwamba vita vikiisha haraka watu wengi watapona. Jina la Hahn litarudi kabla sijamaliza.

Siku kumi baada ya Ypres, tarehe 2 Mei, mke wa Haber, Clara Immerwahr, alijipiga risasi kwa bastola ya mumewe. Alikuwa na shahada ya udaktari wa kemia ya mwaka 1900, mwanamke wa kwanza kuipata katika Chuo Kikuu cha Breslau, na baada ya kuolewa maabara yake ikawa jikoni. Mtoto wao Hermann, mwenye miaka 12, ndiye aliyemkuta. Watafiti wamebishana juu ya sababu: wengine wanasema ni gesi, wengine ni ndoa iliyokwisha kuoza zamani. Mimi sioni kwa nini moja iondoe nyingine. Haber aliondoka mapema akaenda uwanja wa vita wa mashariki.

Klorini hiyohiyo, mwaka huohuo. Mwaka 1915 mjini Compiègne, Ufaransa, mwanakemia Mwingereza Henry Dakin na daktari wa upasuaji Alexis Carrel walikuwa wakiosha vidonda vya askari kwa maji yaliyochanganywa na hipokloriti ya sodiamu, nusu kwa mia tu, na asidi na alkali yake ikiwa imesawazishwa ili yaue vijidudu bila kuunguza nyama. Ardhi ya mahandaki ilikuwa ya mashamba yaliyotiwa samadi kwa karne nyingi, na kidonda kidogo kilioza haraka. Dawa ile iliokoa miguu na mikono mingi. Rafiki yangu aliikamata hapo: unaona, vita! Nikamwambia aangalie tena. Hipokloriti ilikuwa ikitumika kusafishia nguo na kuua harufu mbaya tangu mwisho wa karne ya 18. Kilichofanyika Compiègne ni kupima kwa makini kitu ambacho dobi alikuwa nacho zamani. Ni kazi nzuri na naivulia kofia. Lakini kilitoka ghalani.

Marie Curie sitakawia naye, kwa kuwa wengi wanajua: magari yenye mashine ya eksirei, dinamo ikizungushwa na injini ya gari lenyewe, yeye akijifunza kuendesha na kubadilisha tairi, binti yake Irène akiachwa kuongoza kituo peke yake nchini Ubelgiji akiwa hajafika hata miaka 20. Zaidi ya askari milioni moja walipigwa picha kwenye vituo na magari aliyoyaanzisha. Eksirei yenyewe ilikuwa ya Röntgen, ya Novemba 1895. Jeshi lilikuwa limepata miaka 19 ya kuitia kwenye magari na halikufanya hivyo mpaka mwanamke mmoja alipokwenda kubisha hodi kwa matajiri akiomba magari yao.

Sasa nije kwa Henry Moseley, kwa sababu kwa kweli makala hii yote ni yake.

Kila mwanafunzi anajua namba atomia. Kobalti ni 27, nikeli ni 28, unakariri, unafanya mtihani. Mimi nilikariri pia, na hakuna aliyeniambia kwamba nyuma ya namba hizo yupo mtu. Kabla ya Moseley, namba ya elementi ilikuwa zamu tu katika foleni: walizipanga kwa uzito, na pale mpango ulipogoma walidanganya kidogo. Kobalti, kwa mfano, ni nzito kuliko nikeli, lakini kwa tabia zake lazima itangulie. Wanakemia waliitanguliza, wakakaa kimya.

Mwaka 1913, akiwa Manchester kwenye maabara ya Ernest Rutherford, Moseley alitengeneza kitu kinachonifurahisha kila nikikiwaza: reli ndogo ndani ya mrija uliotolewa hewa, na juu yake kitoroli chenye vipande vya metali mbalimbali. Alikivuta kitoroli kwa uzi wa hariri, kipande kimoja kikija mbele ya miali ya elektroni baada ya kingine. Kila kipande kilitoa eksirei yake, akazipiga picha, akapima. Alifanya kazi usiku kucha. Mwenzake wa maabarani alikumbuka kwamba Moseley alikuwa bingwa wa kujua wapi Manchester utapata chakula saa tisa za usiku.

Picha zilipopangwa, mistari ilipanda kama ngazi. Ukichukua kipeuo cha pili cha marudio (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya eksirei za kila elementi, unapata namba zinazoongezeka kwa hatua sawa, moja, moja, moja, bila kujali uzito. Maana yake kuna kitu ndani ya atomu kinachoongezeka kimoja kimoja: chaji ya kiini. Namba ikaacha kuwa zamu kwenye foleni, ikawa mali ya atomu yenyewe. Kobalti ikapata 27 kwa haki. Na kwa kuwa ngazi ilikuwa na hatua sawa, pale hatua iliporukwa palionekana. Katika makala yake ya 1914 Moseley alisema kwamba kati ya 13 na 79 kuna nafasi tatu tupu: 43, 61 na 75. Alikuwa na miaka 26. Wanakemia waliokuwa wamezeeka wakigombania elementi adimu za ardhini ziko ngapi, waliweza kumletea kopo la unga wao akawajibu kwa siku chache.

Agosti 1914 alikuwa Australia, kwenye mkutano wa wanasayansi wa Uingereza. Vita vikatangazwa. Angeweza kubaki maabarani, na watu wa karibu walitamani hivyo. Alirudi akajiandikisha katika kikosi cha wahandisi, akawa ofisa wa mawasiliano. Akaandika wosia wa kuviacha vifaa vyake na mali yake kwa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, vitumike kwa utafiti. Akapelekwa Gallipoli, Uturuki.

Tarehe 10 Agosti 1915 Waturuki walishambulia kwa nguvu karibu na kilima cha Chunuk Bair. Moseley alikuwa kwenye simu akipitisha amri. Risasi ikampata kichwani. Alikuwa na miaka 27.

Rutherford aliandika kwa uchungu kwamba kumtuma mtu kama huyu mstari wa mbele ni upotevu, na kwamba angelitumikia taifa vizuri zaidi kwenye kazi nyingine. Ni kweli, ila inaniacha njia panda. Upande ule walikufa maelfu kwa maelfu, Waturuki, Waaustralia, Wanyuzilandi, Waingereza, na sipendi mizani inayopima kifo kwa makala zilizochapishwa. Lakini ubishi wetu ni wa sayansi, na katika hesabu ya sayansi ukurasa wa 1915 una mstari huu upande wa kutoa, na hakuna waya wa platinamu unaoufuta.

Huko huko Gallipoli, wiki chache baadaye, Septemba 1915, alifariki Robert Bragg kutokana na majeraha. Ni mdogo wake Lawrence, yule wa chooni. Miezi miwili ikapita, na Novemba barua ikamfikia Lawrence mstari wa mbele: yeye na baba yao, William Henry Bragg, wamepewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi yao ya kusoma mpangilio wa fuwele kwa eksirei. Miaka 25, hadi leo hakuna aliyeipata tuzo ya fizikia akiwa mdogo kuliko yeye. Padri ambaye Lawrence alikuwa amepangiwa kulala nyumbani kwake alishuka ghalani mwake akaleta chupa ya mvinyo. Baba mmoja, mwaka mmoja, mtoto mmoja kaburini na mwingine kwenye tuzo. Na kazi iliyotuzwa ilikuwa ya 1912 na 1913.

Mwezi huohuo wa Novemba, Berlin, Albert Einstein alisimama mbele ya Chuo cha Sayansi cha Prussia Alhamisi nne mfululizo, tarehe 4, 11, 18 na 25, akisahihisha milinganyo yake hadharani mpaka nadharia ya jumla ya uhusianifu, ile inayoeleza mvuto, ikakamilika. Hapa rafiki yangu hana la kusema, maana vita havikumsaidia Einstein hata kidogo. Alivichukia, na wenzake wengi walikuwa wametia sahihi waraka wa kuvitetea. Haber, aliyetia sahihi, alikuwa rafiki yake wa karibu. Sielewi urafiki wao vizuri, na pengine wao pia.

Milinganyo ile ilikuwa migumu kiasi kwamba Einstein mwenyewe aliridhika na majibu ya kukadiria. Jibu kamili la kwanza lilitoka jeshini. Karl Schwarzschild, mkuu wa kituo cha falaki cha Potsdam, alikuwa amejitolea kwenda vitani akiwa na miaka 40, akawekwa kupiga hesabu za hali ya hewa na za njia ya makombora. Tarehe 22 Desemba 1915 alimwandikia Einstein barua yenye jibu la mvuto unaozunguka kitu cha duara kama nyota. Mwishoni alimwambia kwamba vita vimemtendea wema, kwa kuwa pamoja na mizinga yote vimemruhusu kutembea kidogo katika nchi ya mawazo yake. Ndani ya jibu lile mlikuwa na umbali fulani ambapo hesabu zinavurugika. Leo tunapozungumza juu ya ukubwa wa shimo jeusi tunautaja umbali huo kwa jina la Schwarzschild. Jeshini alishikwa na ugonjwa wa ngozi wenye malengelenge, usiokuwa na tiba wakati ule, na tarehe 11 Mei 1916 akafa.

Utasema: basi vita vilitoa kitu, barua ile imetoka vitani. Hapana. Imetoka kwa mtu aliyeiba saa moja ya vita.

Pembezoni mwa ukurasa nimeandika jina la James Chadwick, na hapa namtendea haki mpinzani wangu. Chadwick alikuwa Berlin akisoma kwa Hans Geiger vita vilipomkuta, akafungwa katika kambi ya Ruhleben, uwanja wa mashindano ya farasi, akalala kwenye zizi pamoja na wafungwa wengine. Akaanzisha maabara humo. Ujerumani wakati ule iliuza dawa ya meno yenye chembe za mionzi, iliyosifiwa kwamba inang'arisha meno. Chadwick akainunua kupitia walinzi, akawa na chanzo cha mionzi cha kufanyia majaribio. Kambini alimkuta kijana Charles Ellis, aliyekuwa akisomea uofisa wa jeshi. Akamfundisha. Ellis aliingia kambini akiwa askari, akatoka akitaka kuwa mwanafizikia, na akawa. Kwa hiyo nakubali: vita vya 1914 viliipa sayansi mwanafizikia mmoja, kwa njia ya dawa ya meno.

Rafiki yangu akiona ukurasa wa 1915 umemwelemea, hurukia vita vya pili. Penisilini! Rada! Injini ya jeti! Kompyuta! Hapo tunakwenda haraka, kwa sababu tumepita mara nyingi. Fleming aliiona penisilini mwaka 1928. Frank Whittle alipata hataza ya injini ya jeti mapema miaka ya 1930. Makala ya mwanahisabati Alan Turing yenye wazo la mashine ya kukokotoa ni ya 1936. Ninachomkubalia ni fedha. Serikali ambayo wakati wa amani ingempa mtafiti barua ya masikitiko, wakati wa vita ilimpa kiwanda. Penisilini ilitoka kwenye vyombo vya kuazima huko Oxford mwaka 1940 ikafikia askari wengi mwaka 1944, na mwendo huo haungekuwepo bila hofu. Lakini hofu ilifungua mkoba, haikuandika makala ya 1928. Yeye hapo huniuliza: na mkoba usiofunguka una faida gani kwa mgonjwa? Sina jibu linalonitosheleza.

Nilidhani nimeshinda hata hivyo, mpaka nilipofuatilia zile nafasi tatu za Moseley. Namba 75 ilijazwa mwaka 1925, Ujerumani, na walioitafuta walitumia njia yake mwenyewe ya eksirei; ni elementi ya reni. Namba 43 ilipatikana 1937 huko Palermo, ndani ya kipande cha metali kilichopigwa mionzi Marekani kikatumwa kwa posta, ni tekneti. Zote za wakati wa amani. Nikatia alama mbili upande wangu.

Ikabaki 61. Otto Hahn, yule wa mitungi ya klorini, alirudi maabarani baada ya vita, na Desemba 1938 yeye na Fritz Strassmann waliona kwamba urani ikipigwa na nyutroni, chembe ya ndani ya kiini isiyo na chaji, huacha nyuma bariamu, jambo ambalo halikupaswa kutokea. Aliyelieleza, pamoja na mpwa wake Otto Frisch, ni Lise Meitner, aliyefanya kazi na Hahn kwa miaka 30 na sasa alikuwa mkimbizi Uswidi. Mwaka 1915, wakati Hahn akibeba gesi, yeye alikuwa akipiga eksirei majeruhi wa jeshi la Austria. Nyutroni yenyewe ilikuwa ya Chadwick, ya 1932. Kiini cha urani kinapasuka. Kutoka hapo unajua tulikofika.

Na katika maabara ya Oak Ridge, Marekani, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa bomu, Jacob Marinsky, Lawrence Glendenin na Charles Coryell walikuwa wakichambua mabaki ya urani iliyopasuliwa kwenye tanuri la atomu. Mwaka 1945, humo kwenye mabaki, wakaipata namba 61. Ikapewa jina promethi, kwa Prometheus, yule wa hadithi za Kigiriki aliyewaibia miungu moto. Ngazi ya Moseley ikatimia miaka 30 baada ya Chunuk Bair.

Sikuwa na budi, nilimpigia simu rafiki yangu nikamweleza. Alicheka muda mrefu. Kisha akaniuliza niiandike upande gani wa ukurasa, na mpaka leo 61 iko katikati, juu ya mstari.